Alizikwa Kama Nani

Mwezi uliopita nilikaa katika ukumbi wa kukodi huko Houston, kiyoyozi kikinipuliza shingoni, nikamsikia mshereheshaji akitangaza uongo kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Ilikuwa ibada ya kumuaga Bwana Elkana, Mkenya aliyeishi mji ule muda mrefu na kujijengea jina la mtu wa watu, kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda nyumbani. Sikuwa na ugomvi na sifa za kawaida. Marehemu husifiwa, na mimi si mtu wa kubishana na marehemu. Lakini mshereheshaji alifika mahali akasema kwamba mdogo wake Elkana, aliyeitwa Habil, alipofariki Fort Worth miaka ile, Elkana ndiye aliyesimama, akamchukua mjane wa mdogo wake, akamtunza kama mke wake wa pili. Halafu akaanza kuwatambulisha wafiwa. Akamtaja mke wa marehemu, akasimama. Kisha akasema, "Na mjane wake mwingine, Mama Rispa. Mama, tafadhali simama watu wakuone." Rispa alikuwa ameketi ubavuni mwangu, mkoba mapajani. Nimeshavuka hamsini, nina presha, na daktari amenikataza chumvi na hasira, lakini nilitaka kupanda jukwaani nimnyang'anye yule kijana kipaza sauti. Rispa akaniwekea mkono gotini, akanibana, nikabaki nimekaa.

Mtu asiyejua habari za mwaka ule wa Arlington atasema nakuza mambo. Basi nitazisema. Na sina budi kusema pia habari za malkia mmoja, binti wa Hispania aliyeolewa Uingereza zaidi ya karne tano zilizopita, kwa sababu wanawake hao wawili niliwajua pamoja, mwaka mmoja, katika chumba kimoja chenye godoro sakafuni. Hata leo nikimkumbuka mmoja nakasirika kwa niaba ya wote wawili.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimetoka Tanga, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Rispa na Habil katika nyumba yao ya ghorofa ya pili mjini Arlington, jirani na Fort Worth, nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumba yenyewe ilikuwa na zulia la rangi ya udongo, kochi kubwa lililozama katikati, na jiko lililotengwa na sebule kwa kaunta tu, kiasi kwamba ukikaanga kitunguu harufu inafika vyumbani kabla hujageuza. Habil alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja la Fort Worth. Rispa alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, akirudi nyumbani na miguu imevimba na hadithi za kuchekesha. Jumapili walikuwa wanakwenda kanisani, mimi nabaki na vitabu vyangu, wakirudi tunakula ugali, sukuma wiki na samaki mzima ambaye Habil alimfuata mbali sana kwa gari kwa sababu aliapa kwamba samaki wa dukani karibu hana jicho la kweli. Alikuwa akinitania Kiswahili changu. Nikisema, "Naomba unisogezee chumvi," anaweka kijiko chini na kumwambia mkewe, "Umesikia? Huyu ameomba chumvi kama anasoma taarifa ya habari." Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na kicheko, na ukuta kati ya chumba chao na changu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kuhusu ndoa ile nilijua mengi kuliko nilivyotaka kujua.

Chuoni walitulazimisha kuchukua somo moja lisilohusu uuguzi, na lililoingia vizuri kwenye ratiba yangu ya kazi lilikuwa somo la maisha ya wanawake wa kifalme wa Ulaya katika karne ya kumi na sita. Nilijiandikisha bila shauku. Nilidhani nitasoma habari za magauni na karamu. Nikakuta mabinti wanaoposwa wakiwa bado wananyonya, wanaosafirishwa kwenye nchi ambayo hawajui hata kuomba maji kwa lugha yake, wanaosubiriwa miezi tisa kama mzigo bandarini, na wakijifungua binti watu wanaondoka chumbani kimyakimya. Mmoja alichaguliwa kwa picha ya kuchorwa, akafika, mume akasema hafanani na picha, akaachwa kwa amri akapewa cheo cha dada wa mfalme. Nilikuwa nikisoma huku nimekunja ndita. Mwalimu wetu, mama wa Kiteksas mwenye nywele nyeupe na buti za wachunga ng'ombe, alikuwa akituambia tuwe watulivu, kwamba zama zile zilikuwa na desturi zake. Mimi nilitoka darasani nikiongea peke yangu hadi kwenye gari. Desturi! Kana kwamba desturi ni mvua, inanyesha tu, hakuna mtu aliyeifungulia bomba.

Mwezi wa nane, katika joto lile la lami kuyeyuka, Habil alianguka kazini na hakuamka. Ulikuwa moyo. Asubuhi alikuwa amenidai kikombe chake cha chai ambacho mimi nilikuwa nimekitumia, na kabla ya alasiri Rispa alikuwa ameketi kwenye zulia la korido la hospitali, amevua viatu, haulizi kitu. Jioni ile Wakenya wakaja. Hapo niseme haki: watu wale walikuja kwa wema. Kwao, mtu akifia ugenini, kamati ya mazishi inaundwa papo hapo, na kila jioni wanakutana nyumbani kwa marehemu, wanaomba, wanachanga, wanapanga safari ya mwili hadi siku utakapoondoka. Walikuja na mchele, na masufuria, na viti vya kukunja. Viatu vilijaa mlangoni hadi mlango haufungi. Mimi nikawekwa jikoni kuchemsha chai na kukaanga mandazi, maana nilikuwa binti wa nyumba na mikono yangu ilikuwa mitupu. Elkana akafika kutoka Houston kwa gari, mtu mrefu, viatu vyake vya ngozi vinang'aa, akakaa kwenye kochi mahali pa Habil. Mwenyekiti wa kamati akawa Mzee Jotham, mhasibu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufunga vikao.

Rispa hakuwa kwenye kikao. Aliwekwa chumbani, kwenye godoro lililoteremshwa sakafuni, na akina mama wakawa wanaingia kumpa pole na kutoka. Mimi Muislamu, eda naijua, na sioni kosa kwa mjane kukaa ndani akalia kwa nafasi yake. Kilichonikera ni kwamba kila kitu kilichomhusu kilipangwa upande wa pili wa ukuta ule mwembamba, na hakuna aliyegonga mlango kumuuliza. Sare zilichaguliwa. Picha ya kwenye programu ilichaguliwa, picha ambayo Habil alikuwa akiichukia kwa sababu ilimvimbisha mashavu. Hema la mazishi kule Kenya lilishapata mtu wa kulilipia. Nilikuwa nabeba chai sebuleni nikirudi na habari, nakaa kwenye ukingo wa godoro, namsimulia mwanamke habari za mazishi ya mume wake mwenyewe.

"Wamesema mwili unaondoka wiki ijayo, Dada," nilimwambia jioni moja. "Shemeji yako ndiye atausindikiza."

"Na mimi?"

"Wamesema wewe utaenda kaburini ukishapata karatasi."

Rispa alikuwa na kesi ya makaratasi ambayo haijaisha. Akitoka Marekani harudi, na kazi yake, na dawa za mama yake aliyekuwa akimlipia, vyote vinakwenda na maji. Asipotoka, mumewe anazikwa na watu wengine na yeye anapata video. Alichotaka kilikuwa kidogo sana. Alitaka Habil azikwe Texas, mahali anapoweza kwenda Jumapili baada ya kanisa, akae naye. Hicho tu. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, na mimi nikamwambia kwetu mtu huzikwa alipofia, tena haraka, na hakuna anayemlaumu. Akanitazama kana kwamba nimemfungulia dirisha.

Alikuwa amechoka kusomewa zaburi. Akasema, "Mwanaidi, hicho kitabu chako ni cha nini? Nisomee kitu hakina Ayubu ndani." Nikamsomea, nikitafsiri papo kwa papo. Nilianza na ile habari ya ndoa za wakala: binti yuko nchi yake, bwana harusi yuko nchi nyingine, harusi inafungwa hivyohivyo na balozi anasimama badala ya bwana. Kuna mmoja wa kifalme ambaye, ili ndoa ihesabiwe imekamilika, alilala kitandani mbele ya watu, na balozi akavua soksi ya mguu mmoja akamgusa kwa mguu huo mtupu.

"Mguu?" Rispa akasema.

"Mguu mmoja."

"Mbele ya watu?"

"Maaskofu na wote."

"Wacha! Na huo mguu ulikuwa umeoshwa?" Akacheka. Alicheka hadi akajifunika mto, na mimi nikacheka, na mama mmoja akachungulia mlangoni na uso wa kutukaripia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kifo.

Siku zilizofuata nikamsimulia habari za binti wa Hispania. Aliletwa Uingereza akiwa kigoli wa miaka kumi na mitano, akaolewa na mtoto mkubwa wa mfalme, na kabla mwaka haujageuka kijana yule akafa. Basi wakamweka. Miaka ikapita, baba yake na baba mkwe wake wanavutana juu yake, huku yeye anauza vyombo vyake apate kuwalisha watumishi. Mwisho akaolewa na mdogo wa marehemu mumewe, ambaye sasa amekuwa mfalme. Rispa aliposikia hapo akaketi. "Ati walimrithi?" akasema. "Wazungu?" Nikamwambia ndiyo, wazungu, wenye mataji. Akatazama ukuta ambao nyuma yake sauti ya Elkana ilikuwa ikiunguruma, akasema polepole, "Sasa nimeelewa kwa nini anakaa kwenye hiyo kochi."

Maana Elkana alikuwa ameanza. Mwanzoni alisema kwa mafumbo, baadaye akasema wazi. Nilikuwa kwenye kaunta nachuja chai nikamsikia kwa masikio yangu: "Huyu ni bibi yetu, si wa Habil peke yake. Nyumba ya ndugu yangu haiwezi kufungwa hivi hivi. Atakuja Houston, nyumba iko kubwa, mambo mengine tutaongea kama familia." Mke wake mwenyewe alikuwa ameketi pale pembeni na sahani ya mandazi, akatazama mandazi. Watu wakanung'unika vizuri, mnung'uniko wa kukubali.

Lakini jambo lililonichoma hadi leo ni la jioni iliyofuata. Kampuni ya mazishi ya Fort Worth ilikuwa imempigia simu Mzee Jotham, ikamwambia kwa adabu kwamba kwa sheria ya Texas mwenye kauli juu ya mwili ni mke. Kamati haina kauli, kaka hana kauli. Mke akisema uende, unaenda. Akisema ukae, unakaa. Watu wale walikuwa wamepanga hadi nyimbo, na hakuna aliyemuuliza mtu mmoja pekee ambaye sheria ilikuwa inamuuliza. Ungedhani wangeona haya. Badala yake wakaanza kuchunguza kama yeye ni mke kweli.

"Mimi nauliza tu, na mnisamehe," alisema Mzee Jotham. "Hawa watu walioana kotini. Nyumbani hakuna mahari ilipelekwa. Sasa, walikuwa mke na mume kabisa, ama ilikuwa arrangement ya makaratasi? Miaka hiyo yote, hata mtoto hakuna."

Jamaa mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Habil akasafisha koo. "Habil aliniambia analala kwa couch. Si mara moja."

"Unaona?" Elkana akasema. "Si mnaona?"

Nilisimama na kichujio mkononi, chai inanimwagikia vidoleni. Habil alikuwa akilala kwenye kochi akitoka zamu ya usiku ili asimwamshe mkewe anayeamka alfajiri. Ndiyo siri yote. Alikuwa akivua buti nje ya mlango, anatembea kwa vidole, anajikunja pale hadi Rispa aamke amtupie blanketi na kumwambia mjinga wewe, kuja kitandani. Mapenzi ya mtu na mkewe yakageuzwa ushahidi dhidi ya mkewe, na wanaume wenye mandazi yangu mdomoni. Watu wa kanisa! Walikuwa wakijadili kitanda cha mwanamke kana kwamba ni kiwanja chenye mgogoro, na mwenye kitanda yuko hatua chache, anasikia kila neno.

Na alikuwa anasikia. Nilipoingia chumbani macho yake yalikuwa makavu. "Malizia," akaniambia. "Huyo wako wa Spain. Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Kwamba baada ya miaka mingi ya ndoa na mimba zilizoishia makaburini isipokuwa binti mmoja tu, mfalme alimtaka mwingine, akadai kwamba ndoa yao haikuwa ndoa kwa sababu malkia alikuwa ameshakuwa mke wa kaka yake. Malkia akasema yule kijana wa kwanza hakuwahi kumgusa. Basi likaketi baraza la makasisi wakuu, na wakaletwa watu wazima kuapa walisikia nini asubuhi baada ya harusi ya watoto wale, yule kijana alitoka chumbani akasema nini, aliomba kinywaji gani. Malkia aliitwa mbele yao. Akampigia mumewe magoti watu wote wakiona, akamuuliza amemkosea nini. Kisha akainuka, akatoka. Wakamwita kwa jina arudi, wakamwita tena na tena, hakugeuka.

"Akashinda?"

Nilitaka kusema ndiyo. Sikuweza. Nikamwambia kwamba alihamishwa kutoka nyumba baridi kwenda nyumba baridi zaidi, akanyimwa kumuona binti yake, na akafa akisema yeye ni malkia.

Rispa akakunja na kukunjua pembe ya shuka. Halafu akauliza swali ambalo mwalimu wangu hakuwahi kuliuliza. "Alizikwa kama nani?"

"Kama mjane wa yule wa kwanza. Mfalme aliamuru hivyo. Walimzika kwa cheo cha mke wa kaka."

"Wacha," akasema, lakini safari hii hakucheka. "Hata akiwa amekufa?"

"Hata akiwa amekufa."

Kesho yake mchana wakamwita sebuleni. Walikuwa wamehitaji kauli yake hatimaye, wakaona bora waichukue mbele ya watu wengi ili aone haya kukataa. Nilimshika mkono kutoka chumbani, leso kichwani, amekonda. Elkana akasogeza mguu wake kumpisha. Mzee Jotham akaomba kwa kirefu, kisha akasema, "Mama, sisi wote tuko hapa kwa sababu yako. Wewe sema tu yes, hao watu wa funeral home wasikie, tuendelee."

Rispa akapiga goti mbele ya shemeji yake, kama wanawake wa kwao wanavyomheshimu mkubwa. Nikaona mabega ya watu yakishuka, wakidhani yamekwisha. Mimi nilidhani hivyohivyo, nikaumia. Akasema, "Shemeji, nimekuwa bibi ya ndugu yako. Nilimpikia, nilimfulia, akiwa na homa nilimwosha. Kama kuna mahali nilimkosea, sema hapa. Watu wako hapa. Sema."

Elkana akamgeukia Mzee Jotham, Mzee Jotham akatazama kikombe chake.

"Basi hakuna," akasema Rispa. "Habil atazikwa hapa. Na mimi sikuji Houston." Akainuka akaenda mlangoni. Pale palikuwa na lile lundo la viatu vya kamati nzima, na vyake vilikuwa chini kabisa kwa kuwa hakuwa ametoka nje tangu msiba. Hakutafuta. Akaingiza miguu katika viatu vya kwanza alivyovikuta, navyo vilikuwa vile vya ngozi vya Elkana, virefu kama mitumbwi, akashuka ngazi navyo vikigonga ko, ko, ko. Nyuma wanapiga kelele, "Mama Rispa! Mama, rudi, meeting haijaisha! Rispa!" Nilichukua ufunguo wangu kwenye kaunta nikamfuata. Elkana alitoka hadi kwenye ngazi, akaweka soksi moja kwenye zege la mwezi wa nane, akarudi ndani akirukaruka. Tulipofika barabara kuu Rispa alikuwa akilia na kucheka pamoja, na mimi nilikuwa nashindwa kuendesha vizuri. Tukaenda moja kwa moja Fort Worth, akaingia kwenye ile kampuni ya mazishi na viatu vya shemeji yake miguuni, akasema alichosema.

Tulimzika siku ya kazi, asubuhi, tukiwa wachache kama abiria wa lifti. Alikuja mchungaji wa ile nyumba ya wazee, na wafanyakazi wawili wa ghala, mmoja wao Mkongo aliyeomba kwa Kiswahili cha kwao, "Mungu amupokee ndugu yetu, amupatie nafasi muzuri." Mimi nikanyanyua mikono nikasoma dua yangu kimoyomoyo. Kamati haikuja hata mtu mmoja. Hema, nyimbo, mashavu ya kwenye programu, vyote vikayeyuka, na watu waliokuwa wakisema wako pale kwa sababu yake wakaanza kubadilisha njia wakimuona dukani. Kwa miaka, akina mama niliowachemshia chai walimwita yule aliyemnyima mumewe kwao. Viatu Rispa alivipaka rangi akavituma Houston. Na Elkana, ambaye hakuwahi kumletea hata kilo moja ya sukari, akarudi kwake kuanza kuusimulia ukarimu wake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, watu wakauamini, hadi ukaingia kwenye kipaza sauti.

Mimi nilimaliza chuo, nikapata kazi hospitali ya Houston, nikaolewa, nikajifungua, tukawa tunaongea kwa simu zaidi ya kuonana. Ndiyo maana Elkana alipofariki nilimuuliza kwa ukali anakuja kufanya nini. Akanijibu, "Ni ndugu ya bwana yangu. Mimi sisusi matanga. Hao ndio walisusa." Akaja. Akakaa pale ubavuni mwangu, na mshereheshaji akamwita asimame kama mjane wa mtu aliyemkataa mbele ya kikao kizima. Hakusimama. Yule kijana akaita tena, akaangalia karatasi yake, akatabasamu, akaendelea na wengine. Hapo ndipo nilipotaka kupanda jukwaani, na Rispa akanibana goti. Alisubiri hadi sala ya mwisho, akampa pole mke wa Elkana kwa kumkumbatia kweli, kisha akaniambia, "Sasa twende ukaone kitu."

Nilimwendesha hadi Fort Worth, safari ya saa nyingi, nikigomba njia nzima. Nilimgombeza mshereheshaji, nikamgombeza Mzee Jotham ambaye hajui hata kama namkumbuka, nikamgombeza mfalme wa Uingereza. Nikamwambia ilichukua karne na karne hadi watu wakamwandikia yule malkia jina lake kaburini. Karne! Rispa alikuwa akila karanga, akinipokeza moja moja. Alipoona nimetulia kidogo akasema, "Umezeeka na hiyo hasira yako, Mwanaidi. Mimi yangu niliipeleka kwa fundi."

Sikumwelewa hadi tulipofika makaburini. Nilipaacha miaka ile pana kibao kidogo cha chuma tu, chenye jina la kampuni. Sasa palikuwa na jiwe pana la kijivu, la watu wawili, kama wanavyofanya wenyeji wa huku ambao huandikisha majina yao wakiwa hai. Upande wa kushoto liliandikwa kwa Kiswahili: Habil, mume wa Rispa. Hakikuandikwa kitu kingine, wala mtoto wa nani, wala ndugu wa nani. Upande wa kulia, kwa herufi zilezile, zilizochimbwa ndani sana: Rispa, mke wa Habil. Mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa umeshawekwa, halafu kistari, halafu jiwe tupu.

Nilisoma mara mbili. Rispa akainama kwa shida, magoti yake si yale, akapangusa majani makavu upande wake kama mtu anayepangusa meza kabla ya wageni. "Nilikumbuka yule mama wako wa Spain," akasema. "Nikaona nisingoje watu." Kisha akagonga kwa kidole pale palipobaki patupu baada ya kistari. "Hapa tu ndiyo nimewaachia."